Gasketi Haiungui Bure

Uwe stendi ya Karatu unasubiri gari ya Arusha ijae, uwe Waso, Malambo au Sale, sogea karibu na redio. Leo tunafungua injini, na nitakwenda polepole kwa sababu aliyeuliza si fundi. Ni mama wa kijiji cha Arash.

Anasema kijana wake alishuka Arusha kutafuta maisha, akarudi na Subaru Forester ya turbo. Gari inakimbia, vijana wote wa kijiji wanaipenda. Lakini imeshaunguza gasketi ya silinda hedi mara mbili, na kila ikiungua panatafutwa ng'ombe wa kuuza. Sasa inatema maji tena. Fundi amesema ni gasketi, na anataka hela. Mama anauliza: niuze wa tatu?

Yeyo, mama yangu, usiuze kwanza. Fundi anaweza kuwa amesema kweli kwamba gasketi imekufa. Mimi namuuliza swali lingine, ambalo mara zile mbili inaelekea hakulijibu: imeuawa na nini? Gasketi haiungui bure. Ukifunga mpya bila kumjua muuaji, umemletea mwingine wa kuua, na safari hii hatachukua hata mwezi.

Tuanze na gasketi yenyewe. Injini ina bloku, ambamo pistoni zinapanda na kushuka, na ina hedi, ambayo ni kifuniko chenye valvu. Kati ya hivyo viwili kuna bamba jembamba la chuma lenye matundu. Hilo ndilo gasketi. Linatenganisha vitu vitatu ambavyo havitakiwi kukutana: moto wa petroli ndani ya silinda, maji ya kupoza yanayozunguka pembeni yake, na oili inayopanda na kushuka. Moto ule husukuma kwa presha ya makumi ya mara ya hewa tunayoivuta, tena maelfu ya mara kwa dakika. Maji yana presha ndogo tu. Kwa hiyo ukuta ukitoboka, mara nyingi ni gesi ya moto inayoanza kuingia kwenye maji. Maji yanasukumwa nje, injini inabaki kavu, chuma kinapinda. Baadaye, injini ikizimwa, maji nayo hurudi kwenye silinda au kwenye oili.

Na Subaru ina mambo yake. Injini nyingi tulizozoea zimesimama wima au zimeinama kidogo. Ya Subaru imelala. Silinda mbili zinatazama kushoto, mbili kulia, kila upande una hedi yake, kwa hiyo gasketi ni mbili, nazo zimesimama kwa ubavu. Oili na maji hukaa muda wote kwenye ukingo wa chini wa gasketi hata gari ikiwa imeegeshwa. Ndiyo maana Subaru zenye injini ya lita 2.5 isiyo na turbo zilipata jina baya duniani kote: huvuja kwa nje, chini kabisa, tone kwa tone juu ya bomba la ekzosi, na dereva anasikia harufu miezi mingi kabla hajaona kitu. Ile ya lita 2.5 ina silinda za upana wa milimita 99.5, wakati ya lita 2.0 yenye turbo ni milimita 92, na nafasi kutoka katikati ya silinda moja hadi katikati ya jirani yake ni ileile. Silinda ikipanuliwa, ukuta wa kukalia gasketi unapungua. Forester nyingi za turbo zinazotoka Japani ni za lita 2.0, na hizo zina afadhali. Afadhali, nasema, hazina kinga.

Kuna wazee watanikatiza hapa: mbona Subaru zilishinda Safari Rally? Ni kweli, na waliosimama barabarani Kenya wanakumbuka. Patrick Njiru alimaliza wa nne mwaka 1994 na Impreza. Colin McRae alishinda 1997, Richard Burns akashinda 2000, wote na Impreza yenye injini hiyohiyo ya kulala, ya lita 2.0 na turbo. Lakini gari ile ilikuwa na kundi la mafundi linaloisubiri mbele, kila kituo inapekuliwa, rejeta inasafishwa, kilichochoka kinatolewa kabla hakijavunjika. Gari ya kijana wa Arash inasubiriwa na vumbi.

Na hii safari ya kutoka Arusha kwenda Arash, hebu tuitazame kwa jicho la injini. Mpaka Mto wa Mbu ni lami nzuri bila mlima mkubwa, na pale Mto wa Mbu mwinuko haufiki hata mita elfu moja. Kisha unaanza kupanda ukuta wa Bonde la Ufa, kona juu ya kona, hadi Karatu kwenye mita kama 1,500. Unapita geti la Lodoare, lami inaishia, unapanda msitu hadi ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, mita kama 2,300. Gia nzito, mwendo mdogo, upepo haupo, turbo inafanya kazi muda wote. Baada ya hapo unashuka Malanja, uwanda wa Olduvai, halafu njia ya vumbi ya kuelekea Loliondo. Wanaozungukia Engaruka na Ngaresero wanakutana na adha ya namna nyingine: joto la Ziwa Natron kwenye mita kama 600, kisha mlima wa kupandisha Sale, wakati injini imeshachoka kwa joto.

Sasa sikiliza jambo ambalo madereva wengi wa huku hawaambiwi. Maji hayachemki kwa joto lilelile kila mahali. Tanga, pembeni ya bahari, huchemka kwa digrii 100. Karatu, kama digrii 95. Ukingoni mwa kreta, digrii 92 na kitu. Injini nzima inapenda kufanya kazi kwenye 90 hivi. Unaona balaa? Kinachoiokoa ni kile kifuniko cha rejeta. Kikiwa kizima hubana maji kwa presha ya karibu bar moja juu ya hewa ya nje, na maji yanaweza kupita digrii 115 bila kuchemka, hata kule juu. Mpira wake ukikatika au springi yake ikichoka, ulinzi wote umekwisha. Gari ile ile iliyokuwa inakwenda vizuri mjini Arusha itaanza kutokota kwenye msitu wa Ngorongoro, na watu watasema ni gasketi. Wakati mwingine ilikuwa ni kifuniko, kitu cha bei ya kuku, na gasketi imeungua baadaye kwa sababu ya hicho kifuniko.

Subaru za turbo nyingi zina vifuniko viwili, kimoja kwenye rejeta na kingine kwenye kitangi kidogo juu ya injini. Presha zake zinatofautiana. Fundi akivifungua vyote siku moja akavirudisha kwa kubadilishana, mfumo hautapitisha maji kama ulivyopangwa. Mwenye gari aviwekee alama.

Tuje kwenye kupima. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo ng'ombe wa Yeyo walipopotelea.

Usikubali neno la gasketi kwa kuona moshi mweupe peke yake. Asubuhi ya Karatu, na zaidi kule ukingoni mwezi wa Julai, kila gari inatoa moshi mweupe. Ni mvuke wa baridi, ukikaa dakika chache unaisha. Moshi wa gasketi hauishi, na una harufu ya utamu kama ndani mlikuwa na kulanti, ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta. Vilevile usikimbie ukifungua kifuniko cha oili ukakuta utando wa rangi ya chai ya maziwa. Gari inayoendeshwa safari fupifupi kwenye baridi hufanya hivyo yenyewe. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Utando ukiwa kwenye kifuniko tu, oili kwenye kijiti ni safi, tulia. Kijiti nacho kikitoka na chai, hapo usiwashe tena gari, maana oili yenye maji inakula beringi za injini.

Na ukikuta rejeta ina mafuta ya rangi nyekundu, hiyo si gasketi kabisa. Subaru ya gia otomatiki hupozea oili ya gia ndani ya rejeta, na kile kipoza kikitoboka oili ya gia inachanganyika na maji. Nimeona injini ikishushwa kwa kosa hilo, hedi zote mbili zikafunguliwa, na ugonjwa ulikuwa kwenye rejeta.

Maji yanapungua na huoni tone chini? Kabla ya kulaumu hedi, tafuta nje. Subaru ya turbo ina mipira midogomidogo ya maji inayokwenda kwenye turbo, mahali pa joto kali, inakauka na kupasuka kwa nyuma usipoiona. Kile kitangi cha juu hupasuka. Rejeta za kichwa cha plastiki hupasuka pale plastiki inapokutana na bati, na zikipoa ufa unajifunga. Pampu ya maji ina kitundu cha kuvujia, kimejificha nyuma ya mkanda wa taimingi. Fundi mwenye pampu ya mkono ya kupimia rejeta anaifunga mahali pa kifuniko, anapandisha presha injini ikiwa baridi, anaiacha robo saa. Mshale ukishuka, maji yanatoka mahali fulani, anatembea na tochi.

Kama nje ni kavu, sasa tunaitafuta gesi. Asubuhi, injini imelala usiku kucha, fungua kifuniko cha juu na uwashe. Mapovu ya mwanzo ni hewa iliyobaki. Yakiendelea mfululizo, na ukikanyaga mafuta yanaongezeka, hiyo ni gesi ya silinda. Kipimo kingine ni cha mkono: shika mpira mkubwa wa juu wa rejeta dakika moja au mbili baada ya kuwasha. Maji bado baridi, mpira umeshakuwa mgumu kama umejazwa upepo? Joto halijafanya hiyo presha, kwa hiyo imetoka kwenye silinda. Zamani tulikuwa tunafunga mfuko wa nailoni kwenye mdomo wa rejeta tuone kama utavimba, lakini tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, omba glavu ya zahanati. Ziba na kale kampira kanakokwenda kwenye kopo la akiba, funga glavu kwa mpira mdomoni, washa. Ikisimama na vidole vyote vitano kabla injini haijapata joto, umepata jibu, na watoto wamepata kicheko.

Fundi aliyejipanga ana kichupa chenye dawa ya bluu. Anavuta hewa iliyo juu ya maji ya rejeta ipite ndani ya dawa. Kukiwa na gesi ya moshi wa petroli, bluu inageuka njano. Hakuna ubishi wa maneno hapo. Kama anacho kipimo hicho na hakukitumia, muulize kwa nini.

Lakini, na hili ndilo linalowachanganya mafundi wengi wa Subaru, gasketi inaweza kuvuja tu injini ikiwa na joto na mzigo. Ukiwasha gereji, hakuna povu. Ukizunguka mjini, hakuna kitu. Ukipanda Mto wa Mbu kwenda Karatu na watu wanne na mizigo, ghafla mshale wa temperecha unaruka, hita ya ndani inatoa baridi, kopo la akiba linafurika. Ikipoa, gari inakuwa nzima. Kwa hiyo fundi aipande mlima yeye mwenyewe, afike Rhotia, afungue boneti hapohapo na kuangalia lile kopo likiwa bado na joto, bila kugusa kifuniko cha rejeta. Kupima gereji halafu kusema gari haina tatizo ni kupoteza siku.

Baada ya hapo unatafuta ni silinda gani. Huhitaji mashine kubwa. Pale Karatu mafundi wa pancha wana kompresa. Unachomoa plagi, kwenye Subaru zimebanwa pembeni na chasisi, fundi atalalamika, mwache alalamike. Unaleta pistoni juu kabisa, unaingiza upepo kupitia tundu la plagi kwa bomba lenye uzi unaofanana, na unasikiliza. Upepo ukitokea kwenye rejeta kwa mapovu, ni gasketi au ufa wa hedi. Ukitokea kwenye ekzosi, ni valvu. Ukisikika kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi za pistoni, na hapo, Yeyo, gasketi hata za dhahabu hazitasaidia. Injini za turbo zilizochezewa huvunja pistoni kwenye ukuta wa ringi kabla hazijaunguza gasketi.

Kuchezewa namaanisha nini? Kijana anaongeza presha ya turbo ili gari ivute zaidi. Petroli inajilipukia kabla ya wakati wake, unasikia chuma kikigonga, tak-tak-tak, ukikanyaga kwenye mlima. Kila pigo moja ni nyundo chini ya hedi, na pete ya gasketi inayozunguka silinda inapigwa mpaka inachoka. Nikifungua hedi nikakuta gasketi imepigwa kwa namna hiyo kati ya silinda mbili, siulizi habari ya maji. Naomba nione kile kilichofungwa kuongeza presha ya turbo.

Sasa wauaji wengine, hasa wa huku kwetu. Vumbi la Ngorongoro ni jepesi, ni majivu ya volkano, linaingia kwenye matundu ya rejeta, likinyeshewa linaganda. Ukipita nyikani wakati nyasi zimekomaa, mbegu zinajaa mbele ya rejeta na kipoza cha AC, na kwa nje huoni, maana zimekaa katikati ya vyote viwili. Rejeta ioshwe kwa maji kutoka nyuma kuja mbele, polepole. Feni za Subaru ni mbili na ni za umeme. Fyuzi ikiungua au rilei ikifa, barabara ya kasi hutajua, foleni ya mlima ndiyo itakuambia.

Maji yenyewe. Maji mengi ya Bonde la Ufa yana chumvi na floraidi. Meno ya watu wa Arusha na Karatu yanajua. Ukiyatia kwenye injini ya aluminiamu mwaka mzima, yanajenga ukoko ndani ya rejeta na kula chuma pale gasketi inapokaa. Nimeona hedi zenye vidimbwi kuzunguka matundu ya maji, gasketi mpya haiwezi kuziba pale. Kama huna hela ya kulanti ya kutosha, kinga maji ya mvua, changanya nayo. Maji ya mvua ni laini. Ya kisima mpe ng'ombe.

Na themostati. Hapa naongea kwa hasira kidogo. Kuna fundi yeyote wa Afrika Mashariki ambaye hajawahi kuitoa na kuitupa? "Nchi ya joto, ya nini hii?" Themostati inashikilia maji hadi injini ipate joto lake. Zipo injini ambazo themostati ina kisahani cha pili kinachofunga njia ya mkato. Ukiitoa, maji ya moto yanarudi kwenye injini bila kupita rejeta. Umetoa kitu ili ipoe, umeifanya ichemshe mlimani. Muulize kijana wako kama themostati ipo. Nina wasiwasi haipo.

Gari ikichemsha njiani ufanye nini? Mshale wa magari mengi ya siku hizi hukaa katikati kwa makusudi. Mshale ukianza kupanda, joto limeshapita kiasi. Na maji yakiisha kabisa, kihisio kinabaki hewani, mshale unaweza hata kushuka, dereva anafurahi, injini inaungua. Kwa hiyo ukiona umepanda, zima AC, washa hita ya ndani hadi mwisho, fungua vioo, itakuwa kama rejeta ya pili. Haishuki? Simama, zima. Usifungue kifuniko. Usimwage maji baridi juu ya injini, aluminiamu itapinda papo hapo. Subiri nusu saa na zaidi. Wale waliokwenda Samunge mwaka 2011 kunywa kikombe cha dawa cha Babu, Mchungaji Ambilikile Mwasapile, walikaa kwenye foleni ya magari ya kilomita nyingi, siku kwa siku. Nusu saa yako si kitu.

Basi, tumeshajua ni gasketi na tumeshajua kilichoiua. Kufunga. Kwenye Subaru ni rahisi zaidi kuishusha injini nzima kuliko kupigana nayo ndani ya boneti. Hedi zifunguliwe injini ikiwa baridi kabisa, bolti zilegezwe kidogokidogo kuanzia za pembeni kuja za katikati, hedi isipinde. Zote mbili zifunguliwe, hata kama upande mmoja tu ndio unaovuja.

Kisha chukua rula ya chuma iliyonyooka ya kweli na fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia uwazi. Rula ipitishe juu ya hedi kwa urefu, kwa upana, na kwa mshazari pande zote mbili. Kwa nyingi ya injini hizi kikomo ni milimita 0.05, na matoleo mengine hata chini ya hapo. Ikizidi, hedi inakwenda kwenye karakana ya mashine, na kwa mtu wa Arash hiyo ni Arusha, maeneo kama Unga Limited. Ifungwe kwenye blanketi, isipigwe, na isikae juu ya mchanga. Kule isawazishwe na pia ipimwe ufa kwa presha ndani ya maji ya moto, maana hedi iliyochemshwa mara mbili inaweza kuwa imepasuka kati ya valvu. Na bloku nayo ipimwe kwa rula ileile! Hapo ndipo kazi nyingi zinaharibika: hedi imenyooshwa vizuri, inakwenda kukalia bloku iliyopinda.

Grinda yenye diski ya msasa ikae mbali. Najua inasafisha haraka na inang'aa. Lakini inachimba mabonde usiyoyaona kwa macho, na vumbi la msasa linaingia kwenye njia za oili. Gari itaondoka bila kuvuja na kufa beringi ndani ya mwezi mmoja. Kikwaruzio cha plastiki au cha mbao ngumu, kitambaa, kimiminika cha kuondoa gundi, na subira. Gasketi iwe ya chuma ya tabaka kadhaa, ikae kavu kama ilivyotoka kwenye boksi. Fundi akianza kuipaka silikoni, mzuie mkono.

Matundu ya bolti yakaushwe kwa upepo mpaka chini. Tone la maji au oili likibaki chini ya tundu, bolti ikikazwa haina pa kulisukuma, na bloku inapasuka kwa ndani. Nyuzi na uso wa chini wa bolti vipakwe oili kidogo. Halafu spana ya torki, na kitabu cha injini hiyo hiyo. Kwa hizi za Subaru utaratibu ni wa kukaza, kulegeza zote, kukaza tena kwa torki ndogo, kisha kuzungusha kwa digrii, mara nyingi kati ya 80 na 90, mara mbili, kutoka katikati kwenda nje. Fundi anayekaza kwa bomba la mita moja na kusema anasikia kwa mkono, mshukuru, mpe soda, tafuta mwingine.

Kwa kuwa injini iko chini, badilisha mkanda wa taimingi na pampu ya maji. Mkanda ukikatika kwenye injini hii, pistoni zinagonga valvu, na umerudi kufungua hedi ileile.

Kujaza maji ni kazi yake peke yake. Injini iliyolala inaficha hewa. Pandisha pua ya gari juu ya mwinuko, jaza kupitia kitangi cha juu polepole, fungua kile kiskurubu cha hewa juu ya rejeta mpaka maji yatoke bila povu, hita ikiwa imefunguliwa. Washa, subiri feni zije na kuzima mara mbili. Kesho yake asubuhi angalia tena kiwango kabla ya kuwasha. Kikishuka kidogo siku ya kwanza ni hewa imetoka. Kikiendelea siku ya nne, rudi kwa fundi kabla ya kupanda mlima.

Liko shauri jingine ambalo kijana ataletewa: achana na hedi, nunua injini ya mtumba kutoka Japani, funga, maliza. Kama bloku imepinda au pistoni imevunjika, hilo ni shauri zuri na ningemwambia alifuate. Ila injini ya mtumba nayo ni ya miaka hiyohiyo, gasketi zake zina umri huohuo, na imekaa bandarini na ghalani ikikauka. Aipime upepo silinda zote nne ikiwa bado sakafuni kwa muuzaji, achomoe plagi azitazame, aone kama moja imesafishwa na maji kuliko wenzake. Kisha afunge gasketi mpya mbili na mkanda mpya kabla haijaingia kwenye gari, kwa sababu sakafuni ni kazi ya siku chache, ndani ya boneti ni kazi ya wiki. Na rejeta ya zamani asiirudishe bila kuiosha au kuibadilisha. Imekunywa oili na ukoko wa injini iliyokufa.

Jumatano ijayo ni breki. Dereva wa Noah wa Mto wa Mbu aliyeuliza kwa nini pedi zake zinanuka akishuka ule ukuta wa Bonde la Ufa, nitaanza na wewe. Uje na ile pedi uliyotoa, usiitupe.